Habari Kutoka Kidoleni Huchukua Muda Gani Kufika

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa tiba, na ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mtu anayelalamikia ganzi: ahsanteni kwa kunipa muda wenu.

Naanza na jambo ambalo kila mmoja hapa limempata. Umeamka usiku, unatembea gizani, kidole cha mguu kinagonga kitanda. Kwanza unajua tu kwamba umegonga kitu. Mara yanapita maumivu makali, kama mtu aliyechomwa sindano. Halafu kuna kimya kidogo, kimya unachokijua vizuri, kwa sababu ndani yake unapata nafasi ya kukaza meno na kusubiri. Ndipo yanafika maumivu ya pili, ya kuunguza, yanayokaa. Umegonga mara moja, habari imekufikia mara tatu.

Tupige hesabu. Kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo, kwa mtu mzima, ni kama mita moja. Habari ya mguso hupita kwenye nyuzi nene za neva, tuseme kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde. Safari hiyo inaisha kwa milisekunde 20, na milisekunde ni sekunde moja uliyoigawa mara elfu. Maumivu ya kwanza hupita kwenye nyuzi nyembamba zaidi, kiasi cha mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo huchukua milisekunde 67 hivi. Maumivu ya kuunguza yana nyuzi zake, nyembamba kuliko zote, na mwendo wake ni karibu mita moja kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kile kimya unachokaza meno ndani yake ni sekunde nzima ya maumivu yaliyo njiani, yanapanda mguu.

Nitakayoyasema leo yote yanatoka hapo. Neva si waya mmoja. Ni fungu la maelfu ya nyuzi zenye mwendo tofauti, na kipimo ninachokifanya kila siku, cha kasi ya neva, husikia baadhi yake tu.

Neno moja kuhusu lugha kabla sijaendelea. Kiswahili chetu kinaita vitu vingi mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na hata ngiri watu huiita mshipa. Mgonjwa akikaa mbele yangu akasema "mshipa unanisumbua," swali langu la kwanza ni: upi? Leo nitasema neva, na namaanisha mshipa wa fahamu, hasa zile neva za pembeni zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mikononi, miguuni na kwenye ngozi, na kurudi.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kasi ya neva haitapimika kamwe. Mwanafiziolojia mkubwa wa Ujerumani wa zama zake, Johannes Müller, aliliandika hilo waziwazi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwendo wa mwanga, alisema, tuliweza kuukadiria kwa sababu tuna umbali mkubwa mno kati ya sayari. Ndani ya mwili umbali huo tutautoa wapi? Kama ujumbe wa neva unakimbia kama mwanga, basi urefu wa mkono mzima ni bure.

Aliyemjibu ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz. Mwishoni mwa mwaka 1849, akiwa Königsberg, alichukua msuli wa mguu wa chura pamoja na neva yake. Aliichokoza neva kwa umeme, na msuli ulipojikaza uliinua uzito mdogo. Saa ya kuhesabu muda mfupi namna hiyo haikuwepo, kwa hiyo aliufanya umeme wenyewe uwe saa. Aliunganisha mkondo wa pili uliopita kwenye galvanomita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme: ulianza kupita papo hapo neva ilipochokozwa, ukakatika msuli ulipoinua uzito. Kadiri mkondo ulivyopita kwa muda mrefu, ndivyo sindano ya galvanomita ilivyosukumwa mbali. Mkewe, Olga, alimsaidia kuandika namba.

Lakini kifaa hicho, kwa uzuri wake wote, sicho kilichofanya kazi kubwa. Kazi kubwa ilifanywa na hesabu ya kutoa. Helmholtz alijua kwamba muda aliousoma haukuwa wa neva peke yake. Ndani yake kulikuwa na muda wa msuli kuamka na muda wa kuvuta uzito. Kwa hiyo aliichokoza neva mahali pawili: mara moja karibu na msuli, mara ya pili sentimita chache juu yake. Mambo ya msuli ni yaleyale mara zote mbili. Ukitoa muda mfupi kwenye muda mrefu, ya msuli yanafutika, na kinachobaki ni muda ambao ujumbe ulitumia kuvuka kile kipande cha neva. Kilikuwa milisekunde moja na kitu. Kasi ikatoka karibu mita 27 kwa sekunde.

Jifikirieni mko pale mwaka 1850 mnasoma taarifa hiyo. Mita 27 kwa sekunde ni chini ya kilomita 100 kwa saa. Sauti hewani huenda zaidi ya mara 12 ya hapo. Kitu ambacho watu walikifananisha na mwanga kilikuwa kinashindwa na mlio wa kengele. Na maana yake ilikuwa nzito: kati ya kuguswa na kujua kwamba umeguswa kuna muda, nao unapimika.

Kutoa kule ndiko ninakokufanya hadi leo, na ningependa mkuone kwa mkono wa mtu. Neva ya mediani hushuka katikati ya mkono, ikapita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono, ikaingia kwenye ile nyama iliyotuna chini ya kidole gumba. Juu ya nyama hiyo nabandika elektrodi, kibandiko kinachonasa umeme wa msuli. Nachokoza neva kifundoni, na tuseme msuli unaitika baada ya milisekunde 3.5. Nachokoza tena kwenye kiwiko, upande wa mbele, msuli unaitika baada ya milisekunde 7.5. Kwa mkanda wa kupimia, umbali kati ya sehemu hizo mbili ni milimita 220. Tofauti ya muda ni milisekunde 4. Gawanya 220 kwa 4, unapata 55, na milimita kwa milisekunde ni sawa na mita kwa sekunde. Mita 55 kwa sekunde: neva nzima, isiyo na ugonjwa.

Sasa tazameni mwanafunzi mwenye haraka angefanya nini. Angechukua ile milisekunde 3.5 ya kifundoni na milimita 70 zilizopo hadi kwenye msuli, akagawanya, akapata 20. Mkono huohuo, neva ileile, na mtu ameshahukumiwa kuwa mgonjwa. Makosa yako wapi? Mwisho wa neva nyuzi hugawanyika na kuwa nyembamba, kwa hiyo hupunguza mwendo. Kisha kati ya neva na msuli kuna mwanya ambao umeme hauuruki; neva inamwaga kemikali, msuli unaipokea, na peke yake hilo hula karibu milisekunde moja. Kwenye neva za hisi mwanya huo haupo, ndiyo maana kwa hizo tunaweza kuchokoza mahali pamoja tu.

Kuna mambo yanayoharibu kipimo hiki ambayo mashine haitakuambia. Mkanda wa kupimia ni mmojawapo. Ukikosea sentimita moja kwenye umbali wa sentimita 22, kasi yako imepotoka kwa mita mbili na nusu. Ukikosea hiyohiyo kwenye umbali wa sentimita 10, imepotoka kwa zaidi ya mita tano. Kwenye neva ya alna, ile inayokupiga umeme hadi kidole cha mwisho ukijigonga kiwiko, mkono ukinyooshwa neva hulegea na kujikunja chini ya ngozi. Mkanda unapita juu ya ngozi, haujui lolote kuhusu mikunjo hiyo, unakupa umbali mfupi kuliko ukweli, na neva inaonekana mzembe. Kwa hiyo kiwiko kikunjwe kabla ya kupima, na kibaki kimekunjwa hadi mwisho.

Lakini adui mkubwa ni baridi. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilimpima kijana aliyeingia kutoka kwenye mvua. Neva zote za mikono yake zilikuwa polepole, zote kwa kiasi kilekile. Nikaanza kuandika taarifa ya ugonjwa unaobomoa neva za mwili mzima. Mwalimu wangu hakunisema kitu. Alikuja, akamshika yule kijana mkono kama anayemsalimia, akaniambia niushike na mimi. Ulikuwa wa baridi kama chuma. Tukauloweka kwenye maji ya vuguvugu, tukapima tena, ugonjwa ukawa haupo. Kila nyuzijoto moja inayopungua huiondolea neva karibu mita 2 kwa sekunde. Mkono wenye nyuzijoto 26 badala ya 32 unaweza kupoteza mita 12, na hiyo inatosha kumvusha mtu mwenye afya kwenda upande wa wagonjwa. Helmholtz naye aliliona: aliporudi kwenye kazi hii mwaka 1867, akiwa na Nikolai Baxt, wakapima kidole gumba cha mtu aliye hai, namba zilipanda na kushuka mno, na baadaye wakagundua kwamba joto la mkono lilikuwa sababu. Ipo alama moja inayosaidia, na wanafunzi waishike: neva ya hisi iliyopoa huwa polepole, lakini wimbi lake, yaani mchoro wa umeme wake kwenye mashine, linakuwa kubwa kuliko kawaida. Ugonjwa kwa kawaida haufanyi hivyo.

Tujiulize sasa: kwa nini neva ni ya polepole hivi, na kwa nini nyuzi zake hazilingani?

Umeme wa kwenye waya wa shaba na huu wa neva ni vitu viwili. Kwenye neva, ujumbe ni mlolongo wa milango midogo kwenye utando wa uzi. Mlango ukifunguka, sodiamu yenye chaji inaingia, umeme wa mahali hapo unabadilika, mlango wa jirani unayasikia mabadiliko hayo na wenyewe unafunguka. Kila hatua inakula muda. Ni kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kwenda kwenye moto: maji yanafika, lakini kila mkono umechelewesha kidogo.

Kuna njia mbili za kuharakisha mstari huo. Ya kwanza ni kunenepesha uzi. Ngisi wamechukua njia hiyo; wana uzi mmoja mnene karibu nusu milimita, unaoonekana kwa macho, na ndio uliowapa wanasayansi wa Uingereza, Hodgkin na Huxley, nafasi ya kuandika hesabu za ujumbe wa neva mwaka 1952. Hesabu zao zilitabiri kasi ya mita 18.8 kwa sekunde, na uzi wenyewe ulipopimwa ulitoa mita 21.2. Kwangu huo ni miongoni mwa ushindi mkubwa wa biolojia: kutoka tabia ya milango midogo hadi mwendo wa uzi mzima, kwa kalamu na karatasi na mashine ya kukokotoa ya kuzungushwa kwa mkono.

Njia ya pili ni yetu sisi wenye uti wa mgongo. Uzi umeviringishiwa maielini, tabaka juu ya tabaka za utando wenye mafuta, kazi ya seli zinazoitwa seli za Schwann. Maielini haifuniki uzi wote. Kila baada ya milimita moja hivi kwenye nyuzi nene kuna pengo dogo sana, ambalo Ranvier, Mfaransa, alilieleza katika miaka ya 1870, na milango ya sodiamu imejazana hapo. Chini ya maielini umeme hauvuji, kwa hiyo unafika pengo linalofuata ukiwa bado na nguvu ya kulifungua. Milango inafunguka kwenye mapengo tu. Matokeo yake ni haya: uzi wa binadamu wenye unene wa mikromita 10, na mikromita ni milimita moja uliyoigawa mara elfu, unakwenda karibu mita 60 kwa sekunde. Ni mwembamba mara 50 kuliko ule wa ngisi, na kasi yake ni karibu mara tatu ya ule. Mtoto mchanga amezaliwa maielini yake haijakamilika, na neva zake huenda nusu ya mwendo wa mtu mzima. Akifika miaka mitatu hadi mitano anatufikia.

Mkilielewa hilo, mmeshajua kusoma taarifa ya kipimo. Maielini ikiharibika, ujumbe unachelewa. Neva ya mediani ikibanwa kifundoni, maielini inaumia hapo tu, na uchelewaji unakaa hapo tu. Daktari Simpson alilionyesha mwaka 1956, na hadi leo ndiyo kazi inayojaza siku zetu. Katika ugonjwa unaobeba majina ya Guillain na Barré, ulioelezwa mwaka 1916, kinga ya mwili yenyewe huishambulia neva, mara nyingi maielini yake, na mtu anaweza kushindwa kutembea kwa siku chache. Bakteria wa ukoma huingia ndani ya seli za Schwann zenyewe, na hupenda mahali penye ubaridi karibu na ngozi, kama neva ya alna pale kiwikoni. Neva inaweza kuonekana polepole kwenye kipimo wakati mgonjwa bado hajaona udhaifu wowote, na hapo ndipo dawa ina nafasi kubwa ya kuuokoa mkono.

Uzi wenyewe ukifa ni habari nyingine. Nyuzi zilizobaki zinaendelea na mwendo wao, kwa hiyo kasi hubaki karibu na kawaida. Kinachopungua ni kimo cha wimbi, kwa kuwa waitikiaji wamekuwa wachache. Anayesoma kasi peke yake bila kutazama wimbi amesoma nusu ya barua. Na kuna mtego wa siku za mwanzo: neva ikikatwa kwa kisu, kipande cha chini ya jeraha huendelea kupitisha ujumbe kwa siku kadhaa kabla hakijafa. Augustus Waller alionyesha namna kipande hicho kinavyooza, kwa neva za ulimi wa chura, mwaka uleule wa 1850. Ukimpima majeruhi siku ya pili chini ya jeraha, utaandika kwamba neva ni nzima huku imekatika.

Nimefika mahali nilipotaka kufika.

Mwaka 1922, Joseph Erlanger na Herbert Gasser, kule St. Louis, Marekani, waliunganisha neva na osiloskopu, mashine inayochora umeme kama wimbi kwenye kioo. Wimbi lililotoka halikuwa kilima kimoja. Lilikuwa na vilima kadhaa, kimoja baada ya kingine, kama wakimbiaji walioanza pamoja wanavyofika kwa makundi. Kazi yao iliendelea, nyuzi zikapewa herufi: A nene na zenye kasi, hadi mita 120 kwa sekunde, na mwisho kabisa C, zisizo na maielini, nusu mita hadi mita mbili kwa sekunde. Wakapewa Nobel mwaka 1944.

Sasa rudini kwenye mkono wetu. Ninaposema "msuli umeitika baada ya milisekunde 7.5," ninayemhesabia muda ni nani? Ni mkimbiaji wa kwanza. Nasoma pale wimbi linapoanza kunyanyuka, na wanaolinyanyua ni nyuzi nene zenye kasi kuliko zote. Nyuzi C, zinazobeba maumivu ya kuunguza na joto, kwenye karatasi yangu hazipo. Umeme wao ni mdogo mno kusikika juu ya ngozi, na zinafika zimetawanyika wakati mimi nimeshafunga saa.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja mama mmoja wa makamo mwenye kisukari. Nyayo zake zilikuwa zinawaka moto usiku, hata shuka likimgusa alihisi wembe. Nilipima neva zote za miguu kwa uangalifu wote niliofundishwa. Miguu ilikuwa na joto la kutosha, umbali niliupima mara mbili. Kila namba ilikuwa safi. Nikamwambia, "Mama, neva zako ni nzima." Alinitazama, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo ni mimi ninayejichoma?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwepo, mimi ndiye sikulisema: nilikuwa nimepima nyuzi zisizohusika na lalamiko lake. Kisukari mara nyingi huanza na nyuzi nyembamba. Baadaye mwenzangu mmoja alimtoa kipande cha ngozi cha milimita tatu juu ya kifundo cha mguu, nyuzi zikahesabiwa kwa darubini, na zilikuwa chache mno. Matibabu ya maumivu ya neva yakaanzishwa, na uangalizi wa nyayo. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Nyuzi C zinaweza kusikika, kwa atakayetaka kuzifuata. Huko Uppsala, Uswidi, katika miaka ya 1960, watafiti Hagbarth na Vallbo waliingiza sindano nyembamba mno ndani ya neva ya mtu aliye macho, na za kwanza kuchomwa zilikuwa neva zao wenyewe. Njia hiyo ilifungua mlango wa kusikiliza uzi mmoja mmoja, hata zile za polepole. Lakini inachukua saa nyingi na mikono yenye ustadi wa pekee. Si kipimo cha foleni ya asubuhi. Kwa foleni ya asubuhi tuna ngozi na darubini, tuna vipimo vya kuhisi joto na baridi, na kabla ya vyote hivyo tuna kumsikiliza mtu anavyoeleza.

Tangu siku ile, kila taarifa inayotoka mezani kwangu ikiwa na namba safi ina mstari wa mwisho ninaouandika kwa mkono: "Kipimo hiki kimepima nyuzi nene tu. Kama mgonjwa ana maumivu ya kuunguza, nyuzi nyembamba bado hazijachunguzwa." Daktari mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini naudhoofisha uchunguzi wangu namna ile. Nilimwambia kwamba mstari huo ni sehemu ya matokeo, sawasawa na zile namba.

Mashine iko hapa mbele na imewashwa. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo naomba asikae kwenye kiti hiki leo. Wengine wote, anayetaka kujua mwendo wa neva yake ya alna na aje. Maji ya vuguvugu yako kwenye beseni, tutaupasha mkono kwanza, kisha tutaukunja kiwiko.